Chuo kinanipa milioni nne na meza, kinataka asilimia nane ya viungo vyangu. Nibaki Dar au nirudi Tanga?

BintiMakorora

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na mkinicheka mnicheke taratibu.

Niko mwaka wa mwisho, sayansi ya chakula, chuo kimoja hapa Dar. Nyumbani Tanga, Makorora. Nikiwa mwaka wa pili bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, lilichelewa, nikamwomba shangazi yangu anayekaa Amani, milimani Muheza, anitumie iliki, mdalasini na pilipili manga kwa basi. Nikawa nasaga na kufunga vipakiti vya viungo vya chai hosteli. Mchanganyiko ni wa shangazi, anaujua tangu ujana wake. Nilianza kwa kuwauzia wenzangu, sasa natoa pakiti kama mia mbili kwa wiki, 1,500 kila moja, na kuna maduka mawili Sinza yananipigia simu yenyewe.

Mwaka jana chuo kiliitisha shindano la mawazo ya biashara, nikashika nafasi ya pili. Zawadi: cheti, fulana, na meza kwenye kituo atamizi, pale chuo kinapolea biashara changa. Nilinuna, maana wa kwanza alipewa laki tano. Lakini ile meza imenifaa kuliko nilivyodhani. Intaneti ipo, mwalimu mmoja wa uhasibu anakaa nami kila Alhamisi, na Jumamosi naruhusiwa maabara kupima unyevu. Huko ndiko nilikojua kwa nini pakiti zangu za kwanza ziliota ukungu: iliki ilikuwa haijakauka sawasawa, na mimi nikiinusa naona iko safi.

Sasa wamenipa mkataba wa miezi sita baada ya mtihani. Milioni nne kwa awamu tatu, meza, maabara. Wao wanachukua hisa asilimia nane, na kuna kifungu kinasema ubunifu wowote uliotokana na matumizi ya vifaa vya chuo ni mali ya chuo. Mama anasema nirudi Tanga, viungo viko huko na kodi ya nyumba silipi. Baba anasema niachane na iliki nitafute kazi, deni la Bodi ya Mikopo linanisubiri.

Natanguliza shukrani.

kidume_wa_mbagala

Chukua hela dada. Milioni nne wewe mwanafunzi utaipata wapi? Hisa asilimia nane kitu gani.

Mzee wa Chumbageni

Waja leo waondoka leo! Tumekusubiri urudi na digrii, mwanangu, unarudi na iliki. Natania.

Ila nikwambie kitu. Pale Amani Wajerumani waliweka taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Zaidi ya miaka mia moja imepita na viungo vya milima ile mpaka leo vinashuka Muheza kwenye magunia, vikasagwe na kufungwa na watu wengine huko mbele. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia pakiti ni mchezo wa watoto. Rudi nyumbani, fremu Ngamiani zipo.

MhasibuMtembezi

Bi mdogo, kabla ya kusema chukua au acha: asilimia nane ya nini? Una kampuni, au umesajili jina la biashara tu pale BRELA, kwa wasajili wa biashara? Jina la biashara halina hisa. Ni wewe mwenyewe unayefanya biashara kwa jina jingine. Kama wanataka hisa, maana yake utalazimika kufungua kampuni, na kampuni ina ritani, yaani taarifa, za kupeleka kila mwaka hata mwaka ambao hukuuza kitu, na mahesabu ya kukaguliwa. Uliza gharama hizo nani anabeba.

Halafu piga hesabu yako. Unauza laki tatu kwa wiki. Milioni nne ni mauzo yako ya wiki kama kumi na tatu tu. Faida unabaki na ngapi?

BintiMakorora

Jina la biashara tu, mkuu. Nilijisajili mwenyewe mtandaoni kwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Nikitoa vifungashio, nauli ya mzigo na hela ya shangazi, inabaki kama laki moja kwa wiki.

MhasibuMtembezi

Basi tazama upande wa pili. Anayetoa milioni nne kwa asilimia nane anasema biashara nzima ina thamani ya milioni hamsini. Kwa pakiti za hosteli hilo si tusi hata kidogo. Hisa hazinitishi. Kinachonitisha ni kile kifungu cha ubunifu ulichokitaja kama kwa bahati mbaya.

mbongo_ughaibuni

Naungana na mhasibu. Niko Kanada, na suala la kifungu hiki linatofautiana mno chuo hadi chuo. University of Waterloo huku, sera yao inasema aliyebuni ndiye mwenye mali, hata kama alitumia maabara yao. Stanford kule Marekani ni kinyume: hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya PageRank, ile njia ya kupanga majibu ya utafutaji ambayo Google ilianza nayo, ilikuwa ya chuo kwa sababu Larry Page alikuwa mwanafunzi pale. Chuo kikawapa leseni, kikapokea hisa milioni 1.8, na kufikia 2005 kilikuwa kimeziuza kwa dola milioni 336. Kampuni haikufa kwa hilo, lakini tangu mwanzo kila upande ulijua chake ni kipi.

Wewe je? Mchanganyiko ni wa shangazi. Ukipita maabara Jumamosi kupima unyevu, umekuwa "ubunifu uliotokana na vifaa vya chuo"? Kwa maneno ya mkataba huo, mwanasheria mjanja anaweza kusema ndiyo.

BintiMakorora

Subhanallah. Hilo sikuliwaza. Shangazi hata mkataba hajauona.

mama_pweza

Mdogo wangu, mimi niliwahi kulelewa kibiashara na chuo kimoja, sikitaji. Awamu ya kwanza ya fedha ilikuja kwa wakati. Ya pili ilikuja baada ya miezi saba, mradi umeshakwisha. Tulikuwa tumeshaagiza chupa kwa mkopo. Kwa hiyo usipange kitu chochote kwa awamu ya pili mpaka uione kwenye akaunti. Maabara na yule mwalimu wa Alhamisi ndivyo vya kung'ang'ania. Mimi fedha niliisahau, mwalimu wangu nampigia mpaka leo.

kidume_wa_mbagala

Akachukue mkopo wa zile asilimia kumi za mapato ya halmashauri Tanga basi, hauna riba.

MhasibuMtembezi

Kumi hiyo imegawanywa: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Na kijana hapewi peke yake, ni kikundi. Yeye na nani?

BintiMakorora

Hapo mmenigusa. Kuna mwenzangu wa chumba ndiye aliyechora lebo, na anasambaza Sinza. Hatujaandikiana chochote. Tunagawana tu kikipatikana.

MhasibuMtembezi

Andikianeni wiki hii, kabla ya kumjibu mtu wa chuo. Karatasi moja inatosha: nani ana nini, lebo ni ya nani, mmoja akiondoka inakuwaje. Pia jina la biashara halilindi lebo. Hiyo ni alama ya biashara, inasajiliwa peke yake, na ya bara haivuki maji. Zanzibar wana usajili wao. Wewe wa Tanga, mzigo utafika Pemba siku moja tu.

Kisha rudi kituoni na barua. Waombe kifungu kiseme mali ya chuo ni kile *kitakachobuniwa* maabara ndani ya miezi sita, na kiambatisho kiorodheshe ulivyokuja navyo: mchanganyiko, jina, lebo, wateja. Wakikataa kiambatisho utakuwa umejua nia yao.

Mzee wa Chumbageni

Na umwekee shangazi fungu lake kwenye karatasi hiyo. Sisi watu wa pwani tunaona aibu kuandikiana na ndugu, halafu tunanuniana miaka ishirini.

mama_pweza

Suala la Dar au Tanga msilifanye kubwa. Omba uje maabara mara moja kwa mwezi na sampuli, kazi ifanyike Tanga karibu na mzigo. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo pale pale Tanga, na barua yao ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa kupimiwa na TBS, shirika la viwango, bila malipo. Usiende TMDA, mamlaka ya dawa, kwa chakula, hilo lilihamia TBS tangu 2019.

BintiMakorora

Asanteni sana. Mwenzangu tumekaa naye jana usiku, tumeandikiana, amelia kidogo, mimi pia. Shangazi kwa simu amesema andika unavyotaka, mradi pilipili manga usipunguze. Barua napeleka Jumatatu. Baba bado.

Swali la mwisho: mashine ya kusagia nikiwa Tanga, nitumie zile za unga za mtaani?

Mzee wa Chumbageni

Usithubutu. Watu watakula ugali wenye iliki mtaa mzima, na wewe utauza viungo vyenye pumba. Ukifika nitafute, kuna fundi namjua, ila bei yake ukapatane naye ukiwa na mama yako.