Kuhama Moshi kwenda kulima mahindi Zambia

Kijana wa Himo: Wakuu, shikamooni. Nafikiria kwenda Kasama, kaskazini mwa Zambia, kulima mahindi. Tofauti kubwa na huku ni ipi?

Bwana Shamba Usa: Marahaba. Udongo, kijana. Huku tuna wa volkano. Kule mvua nyingi imeulowesha na kuuosha, una asidi. Pima pH, yaani kiwango cha asidi ya udongo, kabla ya kununua hata mbegu. Ikiwa chini ya 5, fosforasi, kirutubisho cha mmea, inang'ang'aniwa na udongo na mahindi yanadumaa, majani yanageuka zambarau, hata umwage mbolea kiasi gani. Weka chokaa ya kilimo tani 1 hadi 2 kwa hekta kulingana na kipimo, uichanganye sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kuitawanya juu tu ni kutupa hela. Mbolea ya kupandia kule ni 10:20:10 (viwango vya nitrojeni, fosforasi na potasiamu), halafu urea mahindi yakifika magotini.

Mama Kibosho: Sisi tuna masika na vuli. Kule msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Ukichelewa kupanda, mwaka umekwenda.

Bwana Shamba Usa: Na ardhi ya kimila, iliyo chini ya machifu, si sawa na yenye hati. Hati yenyewe ni ya kukodi ardhi, isiyozidi miaka 99.