Mwaka wa tano nyumba ina X, fidia hakuna, mbunge hapokei simu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Miaka 5 iliyopita wathamini walikuja mtaani kwetu, barabara inapita. Wakapima kiwanja, wakahesabu miembe na minazi, wakampiga mama picha ameshika kibao chenye namba mbele ya nyumba yake, wakapaka X nyekundu ukutani. Tukaambiwa tusiendeleze chochote.

Tangu siku ile nyumba si yetu, wala hawajaichukua. Bati la chumba cha uani limeoza, ukibadilisha unaambiwa hulipwi. Wapangaji wawili wamehama kwa kuogopa kubomolewa, na kodi yao ndiyo iliyokuwa inanunua dawa za presha za mama. Benki wakisikia kuna X, hati hawaigusi.

Na sheria ipo! Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ikipita miezi 6 bila malipo inadaiwa riba, na tathmini ikipita miaka 2 inatakiwa ifanywe upya kwa bei ya sasa. Kwa hela waliyotuandikia, leo hatupati hata nusu ya kiwanja kama kile. Nimeuliza riba, afisa akanijibu "subirini fungu".

Mbunge ndiye anayeniuma zaidi. Wakati wa kampeni alisimama chini ya mwembe uleule uliohesabiwa, akaahidi fidia ndani ya miezi mitatu. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia Serikali. Nafuatilia vikao vya bajeti kila mwaka, hajautaja mtaa wetu hata kwa swali la nyongeza. Diwani anasema jambo liko juu ya uwezo wake. Wenzetu Kenya, ibara ya 104 ya katiba yao inawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya uchaguzi. Sisi tunamsubiri miaka 5.

Msije kuniambia napinga maendeleo. Barabara tunaitaka, vumbi tunakula sisi.

Kuna aliyewahi kulipwa riba ya ucheleweshaji humu? Barua uliandika kwa mkurugenzi wa halmashauri au kwa Mthamini Mkuu wa Serikali? Mama ana miaka 74. Gari la serikali likisimama tu hapo nje, anatoka na bahasha yake ya nyaraka.