Sufuria ya alumini au stenlesi kwa bia ya nyumbani?

Mdau_Mbagala: Wakuu, nataka kuanza kupika bia yangu kwa gharama nafuu. Nimekwama kati ya sufuria kubwa ya alumini na pipa la stenlesi la kuchomelewa na mafundi wa Gerezani, Dar. Kipi ninunue?

FundiKoili: Lita ngapi kwa mpigo? Gesi au mkaa? Kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) cha nini? Bila hayo tunabahatisha.

MamaKimea: Alumini. Kwanza chemsha maji matupu nusu saa mpaka ndani iwe ya kijivu. Utando huo ndio kinga, usiusugue. Kostiki soda isiguse kabisa, inaila. Hela inayobaki nunua thamometa.

ChumaPua: Sikubaliani. Stenlesi unaiosha kwa nguvu na koki inakaa imara. Ila fundi achomee kwa gesi ya agoni na kulainisha ndani, maana vishimo vya kiungio huficha vijidudu. Ndoo ya bati achana nayo, asidi ya bia huyeyusha zinki iliyopakwa juu yake.

Mdau_Mbagala: Lita 20, gesi. Shayiri siipati, labda mtama.

FundiKoili: Sasa tunaongea. Kilo 5 za nafaka zitanyonya kama lita 5, na saa moja ya kuchemsha huondoa lita 3 hivi. Anza na maji lita 28, sufuria ya lita 35, kwa sababu povu hufurika likianza kuchemka. Kupooza: koili ya mrija wa shaba wa mafundi friji, mita 10, uuzamishe dakika 15 za mwisho ili uchemke usafike, kisha pitisha maji ya bomba ndani yake. Maji ya bomba hapa yenyewe ni vuguvugu, kwa hiyo malizia na beseni la barafu.

MamaKimea: Mnabishana sufuria wakati bia inaharibikia kwenye ndoo ya kuchachushia! Hamira nyingi za eli (bia inayochachuka kwenye joto la wastani) zinataka nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha Dar mwezi Januari kinapita 30, na uchachukaji wenyewe unaongeza joto. Matokeo yake ni harufu ya tina ya rangi na kichwa kuuma, na hata ukiihifadhi muda mrefu haiishi. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni, hasa siku 3 za mwanzo. Taulo bichi na feni havisaidii sana, hewa yetu ina unyevu mwingi. La sivyo tafuta hamira ya kveik ya Norwei, inavumilia hata 35. Ndoo iwe ya chakula, lita 30, na mrija wa dripu utoke kwenye mfuniko uishie ndani ya chupa ya maji, gesi itoke hewa isiingie.

Kimara_Juu: Mtama wa nini? Pika mbege: ndizi mbivu na kimea cha ulezi, hakuna koili wala barafu.

ChumaPua: Mbege ni kitu kingine, inanywewa mbichi. Anayetaka mtama apike unga uwe uji kwanza, aupooze hadi 65, ndipo atie kimea. Wanga wa mtama unalainika kwenye joto linaloua vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari.

Kimara_Juu: Aina nyingine za mtama mwekundu zina tanini, bia itakuwa chungu. Ulezi ndio kimea.

Mdau_Mbagala: Na hopsi, yale maua ya kutia uchungu kwenye bia, mnapata wapi?

FundiKoili: Hilo lifungulie uzi wake. Kabla ya kujaza chupa pima kwa haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki) siku 2 mfululizo, namba isipobadilika ndipo utie sukari gramu 6 kwa lita. Ikiwa bado inashuka, chupa za kioo zitapasuka. Anza na za plastiki za soda.

ChumaPua: Na ukichukua alumini, usilaze bia ndani yake.