Ukoo wa Mkude: safari ya Udzungwa

*Jumatatu*

Da Zuhura, 19:42
Jamani habari za jioni. Udzungwa ni Jumamosi HII, si ijayo. Mpaka sasa waliotuma hela ni watatu. Watatu! Getini hawapokei keshi, nalipia kabla kwa namba ya malipo, na bila idadi kamili silipi kitu.

Da Zuhura, 19:44
Mwongozaji anasema saa 1 asubuhi tuwe tumeshaandikishwa getini Mang'ula, ndipo turudi Sanje kuanza kupanda. Mbega na kima wanakula asubuhi. Jua likishakaza wanajilaza huko juu, mtabaki kutazama majani.

Idd, 20:31
Saa 1 Mang'ula, kutokea Moro? Tutoke pamoja na wachawi?

Da Zuhura, 20:31
Tutoke saa 9 usiku.

Shemeji Peter, 20:50
👍🏾

Da Zuhura, 20:51
Shemeji, kidole gumba si hela.

Idd, 20:52
Mbega mwenyewe hana kidole gumba na maisha yanaenda 😂

Anko Hassani, 21:10
Kwani gari haliingii ndani? Mie magoti.

Da Zuhura, 21:13
Anko, hii si Mikumi. Udzungwa ni kwa miguu, hakuna barabara ya kuzunguka na gari kutazama wanyama. Njia ya maporomoko ya Sanje inachukua kama saa nne. Maji yanashuka mita 170, utapumzika pale chini.

Anko Hassani, 21:15
Saa nne na tumbo hili.

Idd, 21:15
Ukichoka siafu watakubeba, kama siku ile.

Anko Hassani, 21:16
Usianze.

*Jumanne*

Da Zuhura, 12:20
Waliolipa bado watatu. Someni basi hata hili. Wale kima wanaoitwa sanje hawakai juu tu kama mbega, muda mwingi wako chini. Kwa hiyo usikodolee matawi. Ukikuta majani makavu yamefukuliwa kama kuku kapita, na maganda ya matunda bado yana unyevu, simama hapo hapo na ufunge mdomo. Utasikia kokwa zinapasuliwa kwa meno kabla hujamwona mnyama mwenyewe. Kuna kundi ambalo watafiti wamelizoesha watu, mkitulia halikimbii. Nguo za kijani au kahawia, suruali ndefu, viatu vya kukamata. Idd, spika yako ibaki nyumbani.

Idd, 12:41
Spika ndogo tu.

Neema, 17:05
Samahani nilikuwa kazini. Junior anauliza kama ataona panya mwenye pua ndefu.

Da Zuhura, 17:09
Huyo ni njule, wala si panya. Yule mkubwa mwenye uso wa kijivu, ambaye wanasayansi walimtangaza 2008, anaishi misitu ya mbali huko ndani. Njia yetu haifiki. Usimwahidi mtoto. Na wewe hujatuma.

Shangazi Tatu, 20:18
Gari litanipitia wapi? Sitaki tena ya Msamvu, gari kuondoka bila mimi.

Shangazi Tatu, 20:19
Na sufuria langu mpaka leo sijaliona.

Idd, 21:02
Aliyekaa kiti cha mbele siku ile ajibu.

Anko Hassani, 21:06
Mimi niliambiwa kashapanda. Muulizeni dereva.

Shangazi Tatu, 21:07
Dereva ndiye aliyekula pilau?

Da Zuhura, 21:10
Jamani tuongelee Jumamosi. Hela.

*Jumatano*

Babu Mkude, 05:52
Zuhura nimesoma yote. Huyo mnayemwita sanje, sisi tulimwita ng'olaga. Wataalamu walimjua 1979, mimi nilimjua nikiwa natumwa maji. Hakuna kutoka saa 9 usiku. Ijumaa mnalala Sanje kwa mdogo wangu Athumani, asubuhi mko mlangoni pa msitu. Tatu apande wa kwanza, nyumbani kwake, gari lisimame mpaka akae. Spika sitaki kuisikia.

Da Zuhura, 06:30
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Shemeji Peter, 07:15
Shikamoo Babu 🙏🏾

Neema, 10:40
Kwa Babu Athumani? Hata baada ya lile la shamba?

*Neema amefuta ujumbe huu*

Idd, 10:42
Tumeshasoma dada.

Da Zuhura, 13:12
Sasa nani atampigia? Mimi nikimpigia hapokei.

Anko Hassani, 16:48
Namba yake sina.

Idd, 16:49
Anko, yumo humu kwenye grupu. Hajawahi kutoka.

Da Zuhura, 16:50
Mungu wangu.

Babu Athumani, 19:27
Mko wangapi? Chumba cha uani kina popo.

Da Zuhura, 19:28
Shikamoo Babu mdogo! Nakuhesabia sasa hivi. Jamani, waliolipa?

Idd, 19:35
Popo nao wanalipiwa getini?

Shangazi Tatu, 19:40
Athumani, shikamoo. Mimi nipo. Chakula wabebe wengine.

Da Zuhura, 20:55
Wanne. Anko Hassani, nimeona umesoma.