Wenye maghorofa: dirisha la kioo mmelielekeza magharibi, halafu jamvi la kuzuia jua mnapiga marufuku!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyependa kusoma apite.

Nimepanga apatimenti Sinza, Dar, ghorofa ya nne, jengo halina hata miaka mitatu. Sebule inatazama upande wa Ubungo, yaani magharibi. Dirisha ni kioo kitupu, upana mita mbili, kimo mita moja na nusu, na juu yake hakuna kibaraza wala chochote cha kukinga. Saa tisa alasiri jua linaingia, na mpaka linazama hakuna binadamu wa kukaa pale. Rimoti ukiisahau kwenye kochi, kuishika tena ni shughuli. Kochi lenyewe limeanza kubanduka ngozi upande mmoja tu, ule wa dirishani. Mtoto akirudi shule anaenda kujilaza kwenye marumaru za korido. Na msidhani jua likizama mambo yameisha: zege limeshashiba joto mchana kutwa, saa nne za usiku ukigusa ukuta bado una uvuguvugu.

Nikanunua jamvi, nikalifunga kwa waya nje ya dirisha. NJE, siyo ndani. Jioni ile ile tukakaa sebuleni kama watu. Kesho yake asubuhi msimamizi katuma kwenye grupu la wapangaji: "Ni marufuku kuning'iniza majamvi, maturubai na takataka zingine madirishani, mnashusha hadhi ya jengo."

Takataka! Wakati ukuta huo huo umejaa kompresa za AC, zinachuruzisha maji mpaka rangi imefanya michirizi ya kijani. Hizo hazishushi hadhi. Jamvi la ukindu ndilo linashusha.

Sasa tuongee hesabu, maana nikimwambia msimamizi joto anadhani nadeka. Siku anga likiwa safi, jua la saa kumi likipiga ukuta wa magharibi linaleta kama wati 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba. Dirisha langu lina mita tatu za mraba, kwa hiyo ni karibu wati 2,000. Kioo cheupe cha kawaida kinapitisha kama asilimia 80 ya hilo joto. Pasi ya umeme ni wati 1,000 mpaka 1,200. Yaani kila jioni nimewashiwa pasi moja na nusu katikati ya sebule, na kodi nalipa mimi.

Kuna wanaosema weka pazia zito. Ninalo. Ingiza mkono katikati ya pazia na kioo saa kumi na moja jioni uone. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila taabu, ukigonga kitambaa au sakafu unageuka joto, na joto la namna hiyo kioo hakiliachii lirudi nje lilikotoka. Pazia jeupe linarudisha kiasi, lakini kinachobaki kimeshaingia ndani, kimekuwa mali yako. Ndiyo maana jamvi la bei chee nje lilifanya kazi ambayo pazia la gharama limeshindwa.

Msimamizi naye ana dawa yake: tinti. Ana fundi wake (sijui wanagawanaje), anabandika stika nyeusi kwa mita. Stika nyeusi inapunguza mwanga kweli, lakini yenyewe inakunywa joto, kioo kinakuwa cha moto na sehemu ya joto hilo linahamia ndani vile vile. Jirani wa ghorofa ya tatu alibandika. Kivuli cha jengo la pembeni kinafunika nusu ya kioo chake, nusu nyingine inapigwa jua. Kioo kikachanika kuanzia ukingoni hadi katikati, hakuna aliyekigusa. Kimetanuka upande mmoja, upande wa pili bado una ubaridi, kitaacha kupasuka? Akaambiwa alipe yeye! Stika za kung'aa kama kioo cha kujitazamia zina nafuu, maana zinarudisha jua badala ya kulinywa, ila usiku ukiwasha taa wa nje wanakuona wewe.

Hapa ndipo ninapowashikia bango wajenzi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko utosini au jirani na utosi, Juni linasogea kaskazini, Desemba kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au la kusini linakingwa na kibaraza cha kawaida tu. Kazi ipo mashariki na magharibi, jua linapokuja limeinama. Saa kumi na moja jioni kibaraza cha nusu mita kinakinga kama sentimita 20 za juu ya dirisha, basi. Upande huo unataka luva (vibao vyembamba vya kukinga jua) za kusimama, au skrini ya nje, au matofali ya matundu, au dirisha dogo. Kiwanja chako kama kimelalia vibaya, punguza kioo upande wa magharibi, weka huko ngazi, bafu na stoo. Huyu aliyejenga letu kaweka ngazi upande wa kaskazini! Ngazi zinapigwa upepo, wapangaji tunapigwa jua.

Na haya si maarifa mapya. Nenda Mji Mkongwe, Unguja: kuta nene za mawe, vichochoro vyembamba nyumba inaipa kivuli nyumba ya jirani, madirisha yana mabawa ya mbao unayafunga jua likigeuka. Hata Upanga hapo, tazama maghorofa ya zamani, matofali ya matundu na vibaraza vya maana, na madirisha ya luva yanayofunguka yote. Haya ya alminiamu ya kusukuma pembeni, hata ufanyeje linafunguka nusu, halafu hiyo nusu ina wavu wa mbu.

"Nunua AC, acha umaskini." Nimeisikia hiyo. AC ya BTU 12,000 jioni ikipambana na kioo hicho inakula karibu uniti moja kwa saa. Saa tisa mpaka saa nne usiku, weka uniti sita au saba. Kundi la matumizi madogo, lenye umeme wa bei nafuu, mwisho wake uniti 75 kwa mwezi, hazifiki hata wiki mbili. Ukitoka hapo kila uniti ni shilingi 350 na ushei. Ni zaidi ya elfu sitini kwa mwezi, chumba kimoja, kumfichia mtu aibu ya ramani yake. LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni yangu, mwenye nyumba inamuuma nini?

Nyie madalali nanyi mnajua fika kwa nini nyumba za upande wa magharibi mnazionyesha saa nne asubuhi. Sebule ina ubaridi, upepo unapita, mteja anatoa kodi ya miezi sita. Mleteni saa kumi jioni tuone kama atatoa hata ya mwezi.

Jamvi sijalitoa. Msimamizi kasema Jumamosi anakuja na mwenye nyumba, na kabla ya hapo nahitaji mambo mawili. Kwanza wanasheria: mkataba wangu hausemi lolote kuhusu nje ya dirisha, marufuku imekuja kwa meseji ya grupu baada ya mimi kulipa. Inanibana? Pili mafundi alminiamu: luva za nje zinazogeuzwa, dirisha la mita tatu za mraba, ghorofa ya nne, bei ikoje na zinafungwaje bila kutoboa fremu? Nataka nimwekee mwenye nyumba bei mezani, tukatane kwenye kodi. Akikataa, nina mpango wa neti nyeusi ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, angalau yeye asione ukindu. Aliyewahi kuitumia dirishani aseme inadumu muda gani na jua hili.

Wa kuniambia ninunue feni, feni ninayo. Inanipulizia joto lile lile.