Rafiki kaniita "Obierika", nimjibu nini? Naombeni ushauri

Nyasi Mbichi: Wakuu habari za jioni. Jamaa yangu huyu tumesoma naye tangu darasa la kwanza. Sekondari tulikisoma riwaya ya Achebe kwa Kiswahili, *Shujaa Okonkwo*, nakala moja watu wawili. Juzi, baada ya miezi minane ya kimya, kanitumia meseji ya neno moja: "Obierika." Usingizi umenipaa. Ni sifa au ni tusi?

Mwalimu Mstaafu: Sifa kubwa, mwanangu. Kwenye kitabu hicho, Okonkwo alipohukumiwa miaka 7 uhamishoni Mbanta, kijiji cha mama yake, nani alimfuata? Rafiki yake Obierika, mwaka wa pili, na vijana wawili wamejitwisha mifuko ya kauri, pesa za viazi vikuu alivyomuuzia. Okonkwo akasema hajui amshukuruje. Mwenzake akamwambia basi aue mtoto wake mmoja. Haitoshi? Ajiue mwenyewe. Watu wanaotaniana hivyo wameshibana. Darasani kwangu hapo walikuwa wanacheka wote.

Binti wa Matombo: Shikamoo Mwalimu. Utani ule mimi unaniumiza, maana mwisho Okonkwo alijinyonga kweli. Na ni Obierika aliyemgeukia Mkuu wa Wilaya, yule mkoloni, kumwambia nyie ndio mmemfikisha huku, mpaka sauti ikamkwama kooni.

Kisiki: Rafiki yangu wa kushibana aliondoka na pikipiki yangu 2016, hadi leo. Andikishianeni jamani, hata kama ni ndugu.

Mama Shedi: Mleta uzi, mtu hakai kimya miezi minane akaibuka na neno moja. Ulimfanya nini?

Nyasi Mbichi: Sawa. Alikopa kwenye kikoba chetu, ng'ombe wakamfia, rejesho likamshinda, akaondoka usiku. Kikundi kikaenda kukamata vitu. Nilikuwemo. Katiba ndivyo inavyosema, na nisingeenda mimi wangeenda watu wa kuvunjavunja.

Binti wa Matombo: Basi jibu unalo. Bunduki ya Okonkwo ililipuka ikamuua mtoto wa Ezeudu, bila kukusudia. Usiku ule Obierika na wenzake wakambebea viazi, safari tisa kumi kila mmoja, wakavihifadhi ghalani kwa Obierika. Kulipokucha, huyohuyo Obierika alikuwa kwenye kundi lililochoma nyumba za rafiki yake na kubomoa kuta nyekundu. Hawakuwa na chuki naye, walikuwa wanaisafisha ardhi. Lakini alirudi kwake akakaa akaomboleza, akajiuliza kwa nini mtu ateseke hivyo kwa kosa la bahati mbaya. Wewe uliporudi ulikaa ukajiuliza?

Mama Shedi: Na "viazi" viko wapi? Alikuachia nini?

Nyasi Mbichi: Magunia sita ya maharage. Nimeyauza, 1,140,000. Laki nne nimeshazilipa kikobani ili jina lake lisafishike. Nia yangu ni njema kabisa. Nafikiria nimalize deni lote ndipo nimwambie.

Mwalimu Mstaafu: Hapana, mwanangu. Obierika alimpelekea mwenye mali pesa zake mkononi. Hakumpangia matumizi.

Chui wa Mkesha: Hii ni chai. Mtu katoroka usiku, mazao kwa rafiki, rafiki yumo kwenye wabomoaji. Umetoa viazi ukaweka maharage, mnampa ushauri mhusika wa kitabu.

Mama Shedi: Hata mimi nimeanza kusita.

Nyasi Mbichi: Ndugu, ndiyo maana neno moja lilimtosha. Yeye aliliona kabla yangu. Kabati la vyombo nililishika mimi upande wa mbele. Mke wake alikuwa bado yupo pale, akavua kanga akaufunga mlango wa kioo usigonge, akaniambia, "Shemeji, angalia hapo kizingiti." Hilo nimelisoma wapi?

Kisiki: Aisee.

Binti wa Matombo: Mpigie, achana na meseji. Na laki nne zirudishe kutoka mfukoni mwako, halafu yeye mwenyewe aamue alipe au asilipe.

Nyasi Mbichi: Nimepiga mara tatu, hajapokea. Saa nne usiku kapiga mke wake. Kanisalimia vizuri tu, kanielekeza waliko, kisha kauliza kama kile kioo kilifika salama. Nimemwambia kilifika. Kesho napanda basi la alfajiri na 1,140,000 kamili. Ile kanga nayo ilibaki kwangu, nimeshaikunja nimeiweka kwenye begi.