"UNAZIBA NEMBO": Wafadhili wa ngalawa leo wamenivua nguo hadharani

Pweza Mkavu (mtoa uzi):
Wakuu, naandika chumvi ikiwa bado mwilini, hata kuoga sijaoga. Ile taasisi ya hisani mnayoijua, wenye fulana za rangi ya kuumiza macho, imedhamini tena mashindano yetu ya kila mwaka ya kumkumbuka marehemu nahodha. Nimeshinda. Kutoka Msasani, kukizunguka kisiwa cha Bongoyo na kurudi, viganja vimechubuka kwa kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga. Naitwa mbele kupiga picha na hundi, ile kubwa kama mlango wa choo. Nimeshika kona, nimetoa meno yote. Mpiga picha wao: "Wewe wa kaptula, sogea, unaziba nembo."

UNAZIBA NEMBO. Mshindi!

Nikasogea. "Bado." Nikasogea tena. Nilipokuja kushtuka niko kwenye masufuria ya pilau, hundi yangu wameishika watu watatu wenye viatu vya kung'aa ambao hata bafuni wanaogopa kuzama.

Na matanga waliyotugawia? Mabango yao ya barabarani yameshonwa, yale yenye matundu ya kupitisha upepo yasichanike. Tanga linalopitisha upepo ni tanga au chekecheke? Kwenda, upepo wa kusi uko nyuma, tukajikongoja. Kurudi ni kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata pembe, nikabisha mpaka mwenzangu anakumba maji huku anatubu. Nembo ukubwa wa kitanda, jina la marehemu liko kwenye pindo, herufi kama masharti ya mkopo. Mjane wake wamemkalisha juani, hema ni la wageni.

Yote nasamehe. UNAZIBA NEMBO sisamehi. Kwenye ngalawa walitaka nivae tai?

Kibua: Siti ya mbele. Pilau la nyama au la kuku?

Pweza Mkavu: La nyama. Sikula. Ndilo uliloliona wewe?

Bila Huruma: Bila picha uzi haujakamilika. Ooh samahani, ulikuwa unaziba nembo.

Shangazi wa Kigamboni: Mwanangu, punguza makasiriko. Hela umepewa?

Pweza Mkavu: Wanasema inashughulikiwa. Hundi wameirudisha kwenye gari lao.

Bila Huruma: Kwa hiyo umeshinda boksi, na boksi lenyewe limeondoka 😂

Fundi Mrengu: Chai hii. Ngalawa yenye tanga la matundu haishindi.

Pweza Mkavu: Wote tulipewa hayo hayo, fundi! Tulishindana kwa dua.

Mkimbiaji wa Mbagala: Afadhali wewe. Mimi nimelipia mbio zao za hisani, nakimbia kilomita 21, nafika medali zimekwisha. Waliotembea kilomita 5 wamevaa mbili mbili.

Shangazi wa Kigamboni: Mnalilia medali! Sisi leo kivukoni tumesimama mpaka miguu imevimba, halafu mbuzi wa mtu kanikanyaga dole gumba.

Fundi Mrengu: Si upite darajani, shangazi?

Shangazi wa Kigamboni: Tozo utanilipia wewe?

Kibua: Huyo mbuzi alikuwa anapelekwa Feri au anarudi? Anauzwa?

Mkimbiaji wa Mbagala: Dume au jike? Nina shughuli Jumamosi.

Pweza Mkavu: Wakuu, uzi ni wa NEMBO jamani.

Bila Huruma: Mkuu sogea kidogo, unaziba mbuzi.